Saturnino Bado Anauza Tiketi Challapata

Hapana, Shangazi Petrona, sijalewa. Ni mimi yule yule ambaye ulisoma ujumbe wake juzi redioni ukacheka mpaka fundi mitambo wako akakuzimia maiki, halafu ukauliza mbele ya Oruro nzima, "Huyu baba mwenye kompyuta inayotaka kunyweshwa pombe, amelewa yeye au imelewa kompyuta?" Nilikuwa sokoni kwenye reli saa ile, redio zote zinawaka, na Doña Hilaria anayeuza api, uji ule mtamu wa mahindi, akanigeukia na kijiko mkononi akasema, "Huyo mwehu anaongea kama wewe, Gróver." Nikamwambia, mama, dunia ina wehu wengi, nimiminie kikombe. Lakini api haikushuka, Shangazi. Ilikwama hapa.

Basi leo naandika vizuri, nimeosha mikono na nimekaa chini, mpendwa mshauri, nakuomba unishike mkono maana naona mahali pa kukanyaga hakuna, kila upande ni shimo, na ukitaka kucheka tena cheka, hata mimi nacheka, ila ujue ninavyocheka ndani nimezima.

Mimi shule niliiacha mapema, au tuseme tuliachana kwa amani. Nilikuwa na meza yangu pale relini, nafungua simu, nafunga simu, ile isiyofunguka naiuza kama vipuri, nikawa naishi. Siku moja akaja Don Rómulo, mwenye mabasi ya Lucero, yale meupe yenye nyota ubavuni yanayokwenda Llallagua na Uyuni, simu yake imeingia supu. Nikaitoa supu. Akaniuliza, "Kijana, mitandao unaijua?" Nikamwambia, "Mitandao? Bosi, mitandao nimeizaa mimi." Fundi wake alikuwa amekimbilia Chile bila kuaga. Kesho yake nikawa mimi ndiye fundi wa mashine zote za Lucero, makao makuu hapa Oruro na madirisha yote ya tiketi huko barabarani, na nakwambia ukweli, Shangazi, wiki ya kwanza nilikuwa naogopa hata kipanya.

Lakini mtu anajifunza. Nikajua kwamba kila dirisha lina kompyuta yake, na ndani ya kompyuta kuna programu ya tiketi, na ndani ya programu kuna ramani ya viti. Mteja akinunua kiti kwenye dirisha la Poopó, Oruro wanaona kimekwenda, wanauza kingine. Ndivyo ilivyokuwa mpaka Don Rómulo akanunua mabasi ya ghorofa. Hapo namba za viti zote zikabadilika, kile kilichokuwa kiti cha tisa cha dirishani kikapanda juu, chini kikazaliwa kiti cha tisa kingine, na programu ya zamani haijui lolote, yenyewe inaamini basi bado lina sakafu moja. Kwa hiyo kila dirisha lazima liapdetiwe. Likibaki dirisha moja tu na programu ya zamani, hilo moja linauza viti ambavyo wenzake wameshauza, na watu wawili wanakutana juu ya kiti kimoja na vikapu vyao.

Kitabu cha programu kinasema rahisi tu, tuma apdeti usiku kwa waya ofisi zikiwa zimefungwa, asubuhi zote mpya. Aliyeandika kitabu kile hajawahi kuishi huku kwetu. Huku jioni radi inatembea uwandani kama inadai kitu, kila muuzaji akifunga dirisha anachomoa nyaya zote, kompyuta, printa, simu, mpaka birika. Nikituma apdeti inafika inakuta giza. Nimewabembeleza waache mashine zikiwaka, wananijibu, "Zikiungua utatununulia wewe, Gróver?" Basi ikabidi apdeti nizibebe mwenyewe kwenye flashi, dirisha hadi dirisha, kama mtu anayepeleka chanjo.

Na hapo ndipo pombe inapoingia, Shangazi, sikiliza kabla hujacheka. Wewe ni wa hapa hapa, unajua Jumanne ya Kanivali kila ofisi inamwagia vitu vyake, bia kwa Pachamama, mama yetu ardhi, utepe wa karatasi shingoni mwa kompyuta, vikaratasi vya rangi mpaka ndani ya vitufe. Kitu kikishamwagiwa ni cha mwenyewe na cha ardhi, huwezi kukitia jambo jipya bila kukimwagia tena. Poopó jamaa wa dirishani akaniuliza, "Umeleta kitu kipya?"

"Programu, kaka."

"Iko wapi?"

"Humu kwenye flashi."

"Mbona ndogo hivyo?"

"Ndogo, lakini inakula nafasi."

"Basi kama inakula, ianze kunywa."

Tukaimwagia tone pembeni, tone chini, linalobaki kwangu. Huanuni vile vile. Llallagua vile vile, na majani ya koka juu. Nilipofika Uyuni mashine zote zilikuwa mpya na mimi nilikuwa naona skrini mbili. Kazi ilikwenda, Shangazi. Watu walifurahi. Bado dirisha moja tu, Challapata, na hilo nililiacha la mwisho kwa sababu ndilo niliona jepesi kuliko yote, ni la nyumbani. Muuzaji wa Challapata ni mama mkwe wangu, Doña Casimira.

Dirisha lile alilianzisha na mumewe, marehemu Don Saturnino Colque, baba wa mke wangu Nayda. Kompyuta ile aliileta yeye mgongoni kutoka kituo cha basi, waliimwagia wote wawili, na utepe wa Kanivali ile bado uko pale, umekuwa rangi ya vumbi, hauguswi na mtu. Mzee alikufa kwa mapafu, miaka imepita sasa. Na kuna kichekesho hapo, Shangazi, maana yule fundi wa kwanza alimwandika mzee ndani ya programu kama muuzaji na hakuna aliyejua kumtoa, kwa hiyo mpaka leo kila tiketi ya Challapata chini kabisa inaandika "Umehudumiwa na Saturnino Colque." Wapakiaji mizigo wanasema huyo ndiye mfanyakazi pekee wa Lucero asiyechelewa kazini. Hata mimi nimecheka sana na hilo.

Basi nikafika kwa mama mkwe, nikamwambia, "Mama, nimekuja kuleta apdeti."

"Hii inafanya kazi."

"Inafanya kazi vibaya, mama. Inauza viti ambavyo havipo."

"Viti vipo. Mimi nimeviona. Watu wanakaa."

Nikamweleza mabasi ya ghorofa, nikamchorea juu na chini kwenye ganda la sigara. Akatazama. Halafu akaniuliza jambo moja, "Ukishaweka hiyo mpya, chini ya tiketi kitatoka nini?" Nikaona sasa amelegea, nikamjibu kwa furaha, "Chini litatoka jina la makao makuu, mama, zuri, kwa herufi kubwa." Akakunja shali yake, akalaza mkono juu ya kompyuta, akasema, "Nenda kale, mkwe wangu. Kuna viazi vya chuño jikoni." Ndiyo ilikuwa hapana yake.

Nilirudi mara nyingine, hapana. Nikamtuma Nayda aniombee kwa mama yake, Nayda akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, akasema, "Mimi? Nikamwambie mama mimi?" akaendelea kuosha vyombo kwa kelele. Na Don Rómulo akawa anapiga simu, "Gróver, madirisha yote yamekwisha?" Nikamwambia, "Yote, bosi." Nilijiambia ni neno la wiki moja tu, nitaenda Challapata, mama atalainika, uongo utageuka kuwa kweli bila mtu kujua. Wewe si unajua maneno yangu yanavyotangulia mbele, mimi nayafuata nyuma nikihema.

Nikaenda siku ya mnada wa mifugo, mji umejaa, nikasubiri mama atoke kununua unga, nikaingia, nikachomeka flashi. Sikumwagia kitu. Nilijiambia mimi ni mtoto wa nyumba hii, ardhi inanijua. Apdeti ilikuwa katikati, mstari unasogea, mama akarudi. Hakupiga kelele. Alipita nyuma yangu akachomoa waya ukutani. Kompyuta ikafa puu. Shangazi, nilidhani nimeua kila kitu. Tulipoiwasha ikahangaika, ikarudi na programu yake ya zamani, akachapa tiketi moja tupu ya kujaribu, akaitazama chini, akaanza kulia bila sauti. Nikamwambia, "Mama, si unaona, haijaharibika." Akasema, "Toka kwenye dirisha langu." Jioni Nayda akafunga nguo kwenye kitambaa chake cha mgongoni. Namuuliza, "Kwa ajili ya kompyuta?" Akajibu, "Kama mpaka leo unadhani ni kompyuta, wewe hujui umeoa wapi." Yuko kwa mama yake. Simu yangu hapokei.

Hayo ningeyabeba. Jambo lililonimaliza lilikuja baadaye, hapa hapa Oruro, basi la ghorofa linataka kuondoka, kumbe juu kuna vita. Mwanamke mwenye maboksi ya vifaranga amesimama juu ya mwenzake aliyeshaketi.

"Ondoka, hicho kiti changu!"

"Chako umekizaa? Nimekilipia asubuhi!"

"Mimi nimekilipia juzi, Challapata, soma!"

Konda akasoma kwa sauti, "Umehudumiwa na Saturnino Colque." Nyuma mtu akapiga ishara ya msalaba. Mzee mmoja akasema, "Saturnino? Mimi nilibeba jeneza lake." Basi zima likacheka, vifaranga vikamwagika, na Don Rómulo alikuwa amesimama mlangoni anasikia yote.

Hakucheka yeye. Aliniita pembeni akasema polepole, "Mashine zote ni mpya, umeniambia mwenyewe. Mashine mpya haiuzi kiti mara mbili. Basi anayeuza mara mbili ni mtu. Mwanamke anauza viti vyangu kwa siri, na anajificha nyuma ya jina la maiti." Akasema Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ambayo wauzaji wote wanakusanyika kumwagia ofisi, atamwita Doña Casimira katikati yao, amvue ufunguo wa dirisha, na aseme kwa nini.

Shangazi, yule mama hajawahi kuchukua hata kalamu isiyo yake. Challapata ni mji mdogo, akiitwa mwizi Ijumaa, Jumamosi hakuna atakayemuuzia vitunguu bila kumtazama mikono. Nikisema ukweli kwamba mashine yake sikuiapdeti, kazi sina, na dirisha litafungwa vile vile maana apdeti hataki. Nikinyamaza, anakuwa mwizi kwa mdomo wangu. Nimefikiria niende siku akiwa kanisani nivunje kufuli niweke ile programu kwa nguvu, ifike Ijumaa kila kitu ni kipya. Nimefikiria pia kumfuata yule fundi Chile. Kwenye meza yangu ya relini watu wanasema, "Gróver, mbona leo huna utani?" Nawaambia umekwenda kuapdetiwa.

Nifanye nini? Nivunje kufuli au nipande basi? Nijibu kabla ya Ijumaa, na tafadhali usome taratibu, Nayda hukusikiliza akiwa anapika.

Gróver Calizaya, wa relini

* * *

Gróver, kwanza maiki sikuzimiwa, niliizima mwenyewe. Pili, leo sijacheka. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimevua miwani na kushika kichwa, maana umenijazia kurasa kwa nyaya na radi na ghorofa, na jambo lenyewe umelitupa katikati kama ganda la karanga.

Hebu rudi usome ulichoandika mwenyewe. Mjane amekuuliza swali moja tu, moja, mwanangu, chini ya tiketi kitatoka nini. Na wewe ukamjibu kwa furaha kwamba jina la mume wake litafutwa na litakaa jina la kampuni kwa herufi kubwa. Ulitaka akupigie makofi? Halafu ukaingia kwa kunyemelea siku ya mnada kwenda kulifuta, akakukuta katikati ya kazi. Alipowasha mashine akachapa tiketi tupu. Kwa nini achape tiketi tupu, wewe fundi? Alikuwa anamtafuta mtu. Akamkuta bado yupo, ndipo akalia. Na wewe unamwambia haijaharibika!

Yule mama si mkaidi na wala haogopi mashine. Anafungua dirisha kila asubuhi, na kila tiketi inayotoka, Saturnino ndiye aliyehudumu. Kaburini anakwenda siku ya Watakatifu, lakini pale dirishani yuko naye kila siku ya kazi. Ninyi mlikuwa mnacheka, wapakiaji mizigo na wewe mkwe, na yeye anawasikia, anawarudishia chenji. Mkeo naye ni baba yake huyo. Ulimtuma Nayda aende akamwambie mama yake akubali baba afutwe, halafu unashangaa vyombo vina kelele.

Nakuonea huruma, usidhani sina moyo. Mtu aliyelelewa na meza ya sokoni anajifunza kusema ndiyo kabla hajaulizwa, kwa sababu ukisema sijui mteja anakwenda meza ya pili. Najua, nimeuza soksi pale pale kabla ya redio hii. Lakini ile "yote, bosi" yako si maneno ya sokoni tena. Imemfanya mwanamke msafi awe mwizi. Huko Challapata wewe unatafuta kufuli la kuvunja, na kilichovunjika kiko mdomoni mwako.

Basi fanya hivi. Leo hii, barua hii ikiisha kusomwa, unavaa shati safi na unakwenda kwa Don Rómulo kwa miguu yako, si kwa simu, na unamwambia, dirisha la Challapata sikuliapdeti, nilikudanganya, viti viligongana kwa sababu yangu, Doña Casimira hajui lolote la wizi. Usianze na mkeo, usianze na marehemu, usianze na utani. Na usiombe kazi yako kwenye sentensi hiyo hiyo. Akikufukuza, amekufukuza. Meza ya relini haijahama.

Ukitoka hapo nenda Challapata. Usiingie nyuma ya dirisha, hujaalikwa. Simama upande wa wateja, foleni ikiwepo panga foleni, na ukifika mbele vua kofia. Usitaje apdeti. Mwambie nimekuja kuomba radhi kwa Don Saturnino. Kisha nyamaza, jambo ambalo najua litakuuma kuliko kufukuzwa.

Halafu, wewe si umeizaa mitandao? Ipekue hiyo programu mpya mpaka ujue kama kuna pembe ambayo jina la mzee linaweza kukaa. Ikiwepo, mwonyeshe kwa macho kabla hujagusa kitu. Isipokuwepo, mwambie haipo. Usimwahidi, Gróver. Narudia, usimwahidi. Kama haipo na yeye akaamua kufunga dirisha kuliko kuuza bila jina lile, mwache alifunge mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa mwanamke mwenye heshima. Itauma, nyumba ile itakuwa na njaa kidogo na huzuni nyingi, na wewe utaibeba pamoja nao. Afadhali hiyo kuliko kuvuliwa ufunguo mbele za watu.

Na siku mtakayoweka programu, kama siku hiyo ipo, mashine ile inamwagiwa na yeye. Siyo wewe na tone lako la haraka na linalobaki kwako. Yeye.

Habari za Chile sizijibu. Ukimbie umwachie nani hiyo foleni?

Shangazi Petrona

* * *

Shangazi, nimefanya, na nakuandikia kabla ujasiri haujaisha.

Don Rómulo alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisubiri anitukane, ningejua pa kushika. Akasema tu, "Umefukuzwa." Nikageuka. Akasema, "Unakwenda wapi? Umefukuzwa kuanzia Challapata ikiisha. Nani mwingine anajua hizi takataka?" Kwa hiyo sasa mimi ni fundi aliyefukuzwa anayesubiri kumaliza, sijui kama hiyo ina jina. Kuhusu ufunguo, alisema mwizi hayupo basi wa kumvua hayupo, lakini dirisha lisilo na apdeti Ijumaa halitafunguliwa, na hapo hakunitazama usoni, maana na yeye alikula mezani kwa Saturnino.

Kwenye programu mpya nimetafuta mpaka macho yakawa mekundu. Kumbe nilimwambia mama vibaya, chini linatoka jina la muuzaji aliye hai, wanaloliandika makao makuu wenyewe, huko hakuna mlango. Lakini juu yake kuna mstari wa jina la kila ofisi, ambao kwenye madirisha mengine yote nimeuacha mtupu kwa uvivu. Nikamuuliza Don Rómulo. Akasema, "Andika utakacho, mradi watu wasikaliane mapajani."

Challapata nilipanga foleni. Mbele yangu kulikuwa na baba mwenye gunia la vitunguu aliyeuliza bei ya kila mji wa Bolivia. Nilipofika nikavua kofia, nikasema ulivyosema, nikanyamaza. Mama aliniacha nimenyamaza mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kusonya. Nayda alikuwa mlangoni na beseni, hakuja wala hakuondoka. Nikapitisha karatasi chini ya kioo, niliyoichapa kwa mfano kule makao makuu: "Ofisi ya Saturnino Colque, Challapata." Akaisoma kwa kidole.

"Ilikuwa inasema umehudumiwa na yeye."

"Ndiyo, mama."

"Hii haisemi hivyo."

"Haisemi, mama. Kusema hivyo haiwezi. Nimejaribu. Inasema ni kwake tu."

Akainama, nikaona juu ya kofia yake tu. Sikuahidi kitu, Shangazi, nakuapia, ulimi niliuuma. Halafu akaniuliza, "Na mimi itaandika mimi? Hapo kwa muuzaji?" Nikamwambia makao makuu wanaandika jina la aliye dirishani, itaandika Casimira Mamani. Akasema hajawahi kujiona juu ya karatasi ile. Hakusema kama ni vizuri au vibaya. Akasema, "Ijumaa. Lete pombe, na siyo ile ya kuwashia jiko." Akaita, "Wa nyuma!"

Nayda bado hajarudi. Nilipopita mlangoni nikamwambia twende nyumbani, akajibu, maneno umeyasema mengi, Gróver, mimi nitaamini nikiisikia ile tiketi ikisomwa redioni. Akaingia na beseni lake.

Kwa hiyo, Shangazi, sina kazi, sina mke, nina flashi moja na chupa moja nzuri ambayo sijaifungua, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Na nina dili kwako, lisikilize kabla hujazima maiki. Ijumaa mama akishamwagia mashine, tiketi ya kwanza ya dirisha lile uinunue wewe. Nitakushikia kiti cha mbele juu, dirishani, uone uwanda wote. Upige simu redioni kwako ukiwa pale pale, uisome tiketi hewani, mistari yote miwili ya chini, wa kwanza na wa pili, taratibu, ule muda Nayda anaopika. Kama nimedanganya hata herufi moja, sema jina langu kamili, Gróver Calizaya wa relini, na asinunue mtu kwangu hata chaja. Kama ni kweli, usiseme lolote juu yangu. Soma majina yao mawili tu, kisha mpe Nayda dakika moja ya kimya kabla hujaweka muziki.

Nakubaliana na wewe hata kama hujakubali. Na kiti hicho, Shangazi, ukipanda, utakikuta kitupu.